Mama, Nyumba ya Wapita Njia Imekuwa Mkahawa

Mama yangu,

Mutuku ameniomba niandike historia ya nyumba. Anataka nusu ukurasa, ichapishwe nyuma ya menyu, wageni waisome wakingoja nyama iive. "Wewe ulikuwa mwalimu, Mwende," aliniambia. "Andika kitu kizuri. Weka Mama, weka ukungu, weka wale watu walikuwa wanalala hapa." Nimejaribu. Kila nikianza, sentensi ya kwanza inawatazama wageni, ya pili inakugeukia wewe, na ya tatu inakuwa swali ambalo hakuna mgeni anayeweza kunijibu. Kwa hivyo nimeacha. Nakuandikia wewe, na barua hii nitaiacha wazi, anayetaka kuisoma aisome.

Nianze na yale unayoyajua, maana hayo hayaniumi sana.

Nyumba ilijengwa na watu wa misheni, kabla gari lolote halijapanda Iveti. Makatekista walikuwa wakivuka mlima kwa miguu kutoka Kathiani kwenda Machakos, na mara nyingi mvua au ukungu uliwakuta huku juu. Wakajengewa vyumba viwili vya mawe na jiko, na Baba akapewa kazi ya kuvitunza. Alikuoa akakuleta kwenye baridi hiyo, wewe msichana wa Katangi uliyezoea jua. Ulikuwa ukituambia kwamba mwezi wa kwanza ulilia kila jioni, na Baba, asijue la kufanya, alikuwa anaongeza kuni.

Baadaye makatekista wakapata pikipiki, na misheni ikawaachia nyinyi nyumba na kipande cha shamba. Ingeweza kuwa nyumba ya kawaida tangu siku hiyo. Lakini akina mama waliobeba maharagwe na kuku kwenda sokoni walikuwa wameshaijua. Wagonjwa waliobebwa kwa machela walikuwa wameshaijua, na watoto wa shule waliopotezwa njia na ukungu wa Julai pia. Walipiga hodi. Nawe ukawa unasema, "Likai," ingieni, hata kabla hujafungua mlango ukaona ni nani.

Baba alikuwa ametundika kipande cha reli mbele ya nyumba. Ukungu uliposhuka mlikigonga kwa zamu, ili aliyepotea afuate sauti. Alipofariki ukaendelea kugonga peke yako, mkono mmoja umeshika nyundo, mwingine umeshikilia leso shingoni. Nikiwa mdogo nilidhani kila mama hufanya hivyo. Nilipofika sekondari nikagundua kuwa mama za wenzangu hawagongi chuma, nikaona haya kidogo, halafu nikaona fahari.

Mimi na Mutuku hatukuwa na kitanda cha kuita chetu. Tulilala kitandani tukaamka kwenye mkeka jikoni, kwa sababu ulikuwa umetuhamisha tukiwa usingizini na kuwapa wengine nafasi yetu. Asubuhi tulikuta chumbani mzee anayekohoa, au mama na mapacha wake, au mtu aliyetegua mguu. Mutuku alikasirika. Alikuwa mkubwa, alihitaji mahali pa kuweka vitabu vyake. Siku moja alikuuliza, "Mama, kwani hawa watu hawana kwao?" Ukamjibu ukiendelea kupuliza moto, "Wako na kwao. Ni mbali tu."

Na kuna Ndinda.

Nilikuwa bado shule ya msingi alipofika, mchana wa mvua, mtoto mgongoni, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Hukumuuliza kitu. Ulimpa maji ya moto anawe, ukampokea mtoto. Hakuwa amemaliza chai mume wake alipotokea, ameshika rungu, amelowa chapachapa, anaita jina lake kwa sauti ya mtu aliyelewa. Ulisimama mlangoni na mwiko mkononi. Sisi tulikuwa nyuma yako, tumeshika sketi yako.

"Nipe bibi yangu," alisema.

"Bibi yako anakula."

"Mama, toka hapo. Hii haikuhusu."

"Kama unataka kula, weka hiyo rungu chini uingie. Kama unataka kupiga mtu, anza na mimi, halafu uende uambie watu wa Iveti umepiga mama Mutuku."

Alisimama kwenye mvua. Hatimaye akaketi pale nje penye mabati, rungu katikati ya magoti, na baridi ikaanza kumfanyia kazi. Ulimpelekea sahani ya muthokoi, ile ya mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ukasimama akila, ukapokea sahani. Akaenda zake. Hakurudi tena. Ndinda alibaki, mara ya kwanza mpaka jicho lipone, halafu mpaka mvua iishe, halafu hatukuhesabu tena. Mtoto wake Mbula akakua kama mdogo wetu. Leo anauza mitumba Tala.

Hayo ningeweza kuyaandika kwenye menyu, na Mutuku angefurahi. Lakini mgeni akisoma kuhusu rungu la mume wa Ndinda, huku akila viazi pale pale alipokimbilia Ndinda, sijui tungekuwa tumemuuzia nini.

Halafu barabara ikaja. Lami ilipanda kutoka mjini ikapita mbele ya mlango wako, na watu wakashukuru, hata wewe ulishukuru, kwa sababu mgonjwa sasa angefika hospitali bila kubebwa mabegani. Njia ya miguu ikaota nyasi. Wewe uliendelea kupika sufuria ile kubwa. Nikija wikendi kutoka shuleni nilikokuwa nikifundisha, nilikuta muthokoi ya jana na ya juzi, na wewe umekaa mlangoni unatazama pikipiki zikipita. "Siku hizi watu wako na haraka," ulisema, ukanipakulia mimi peke yangu sahani ya kushibisha familia.

Mutuku alirudi nyumbani kiwanda alichokuwa akifanyia kazi Athi River kilipopunguza watu. Alikaa miezi mingi bila shughuli, akitengeneza ua ambao haukuwa umeharibika. Ndipo alipoanza kuona magari ya Nairobi. Yalikuwa yakikata kona Kyumbi kila wikendi, yanapita mjini, yanapanda kwetu, watu wanashuka kupiga picha na kuuliza kama kuna mahali pa kula. Si mtu mbaya, Mama, na nataka wengine watakaosoma hapa walijue hilo. Alikuona umezeeka, akaiona nyumba tupu, na vijana wa Iveti wamekaa barabarani mikono mifukoni.

Alikuuliza msimu ule ambao hukuinuka tena kitandani. Nilikuwepo. Ndinda alikuwa akikukanda miguu.

"Mama, tuifanye mkahawa," alisema. "Watu wakule, waone mlima, na hawa vijana wapate kazi."

Ulivuta blanketi mpaka kifuani. Kisha ukasema, "Fanyeni. Lakini mtu akipiga hodi, msimuulize anatoka wapi."

Mutuku alisikia "fanyeni". Mimi nilisikia yaliyofuata. Tangu tukuzike tumekuwa tukiivuta sentensi yako huku na huku kama watu wanaogawana shamba. Yeye anasema ulitoa baraka. Mimi nasema uliweka sharti. Ndinda, tulipomuuliza, alisema tu, "Mama alikuwa anaumwa. Muacheni apumzike."

Ungekuja leo usingejua uanzie wapi kutazama. Ukuta wa chumba cha mbele ulibomolewa ukawa ukumbi wenye madirisha ya vioo toka chini mpaka juu, na siku ya jua unaona mji wote wa Machakos na vilima vya mbali. Kile chuma cha reli kimepakwa rangi ya dhahabu, wageni wanakigonga wakipigwa picha. Picha yako iko juu ya kaunta, ile ya siku ya kipaimara cha Mutuku, umekunja uso kwa sababu ya jua. Chumba tulichokuwa tukilala ni stoo ya soda. Na mbele kuna geti la chuma na askari, kijana anayeitwa Musembi, kwa sababu wageni wanahofia magari yao. Wewe hukuwahi kumiliki hata kufuli.

Nilipoacha kufundisha, koo liliponishinda, Mutuku aliniomba nisimamie wahudumu. Nilikubali. Nilitaka kuwa karibu na nyumba. Ndinda alikuwa mpishi mkuu, na wageni walikuwa wakiita muthokoi yake chakula cha kiasili na kuomba kuongezwa. Kwa muda nilijiambia kwamba mambo si mabaya, watu wanakula kwako kama zamani.

Sasa nifike kwenye ile Jumapili.

Ilikuwa Novemba, mvua imekaza tangu asubuhi. Ukumbi wote ulikuwa umekodiwa na familia iliyotoka Syokimau, wakisherehekea siku ya kuzaliwa ya babu yao, na Mutuku alikuwa amemwambia Musembi asiingize mtu mwingine. Mchana huo Kanini, mke wa Kyalo wa kule bondeni, akashikwa na uchungu wa kuzaa. Kyalo alikuwa kazini mbali, kwa hivyo mama yake Kyalo ndiye aliyempeleka hospitali. Pikipiki iliyowabeba ikateleza kwenye njia ya udongo ikakwama kabla haijafika lami. Mama Kyalo akamshika mke wa mwanawe mkono, wakapanda kwa miguu mpaka kwetu.

Musembi alitoka na mwavuli. "Mama, leo kumebukiwa kote," alimwambia. "Ngoja nipigie bosi simu." Akapiga. Mutuku alikuwa akikata nyama mbele ya wageni, muziki unalia, simu iko kwenye koti lililotundikwa. Musembi akapiga tena. Akawapa kibanda chake wajikinge, lakini kibanda chenyewe kinatosha kiti kimoja, na Kanini hakuweza kuketi. Wakasimama getini, Kanini amekamata vyuma, mama Kyalo amemfunika na leso yake iliyolowa. Musembi anasema hawakukaa sana. Mama Kyalo hasemi kitu.

Ndinda ndiye aliyeona, alipotoka kumwaga maganda ya viazi. Alirudi ndani bila karai.

"Mwende, kuna mtoto anazaliwa kwa geti."

Tulikimbia. Mlango wa nyuma ulikuwa umezingirwa na maji, kwa hivyo tukampitisha Kanini ukumbini, katikati ya meza, akiacha matope kwenye vigae. Muziki ukazimwa. Watu wakasimama. Wengine wakainua simu zao. Mutuku alitutazama, kisu mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu afungue mkahawa nikauona uso wa kaka yangu wa zamani, yule aliyeamshwa usingizini na hajui ahamie wapi. Kisha akaweka kisu chini, akakimbilia stoo, akaanza kutoa kreti za soda mwenyewe na kuzirusha nje kwenye mvua.

Mtoto alizaliwa mle stoo, juu ya vitambaa vya meza, mikononi mwa Ndinda, mimi nikimulika na tochi ya simu kwa kuwa hamna dirisha siku hizi. Alikuwa mvulana. Alichelewa kulia. Ndinda alimsugua mgongo, akampulizia, akamsugua tena, mpaka akatoa sauti, nyembamba kama ya paka mchanga. Ukumbini watu wakapiga makofi. Yule babu akavua koti lake zito akawafunika mama na mtoto. Mwanawe akaleta gari mpaka mlangoni, na Mutuku akakaa kiti cha nyuma, amemwegemeza Kanini kifuani njia yote mpaka hospitali. Aliwaacha mikononi mwa wauguzi akarudi, shati limejaa damu, akabadilisha, akaendelea kuhudumia wageni wake.

Jioni aliniambia, "Mama angefurahi leo."

Nikamwambia ndiyo. Niliamini hivyo.

Kesho yake video ilikuwa kila mahali. Inaanza tukipita katikati ya meza, inaishia kwenye makofi. Geti halimo. Mvua inasikika kwa mbali tu, juu ya paa. Watu walioitazama waliandika maneno mazuri, wakasema Kenya bado kuna utu. Wikendi iliyofuata magari yalijaa mpaka yakaegeshwa kando ya barabara. Wageni waliomba waonyeshwe stoo. Mutuku akaagiza ubao mkubwa wa mbao, uchongwe maneno kwamba hii ni nyumba inayookoa maisha tangu enzi za misheni. Na hapo ndipo aliponiomba historia, na akanielekeza iishie wapi: iishie kwa mtoto.

Mtoto alikuwa ameshakufa.

Ndinda ndiye aliyeniletea habari, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiwapelekea akina Kanini uji. Mtoto alikaa siku chache hospitali. Waliambiwa kwamba alichoka sana wakati wa kuzaliwa na kwamba baridi ilikuwa imemwingia. Hawakuambiwa zaidi, na hawakuuliza zaidi. Ndinda na mimi tulishuka bondeni kumzika, pamoja na watu wachache wa pale. Kyalo alichimba kaburi peke yake, akakataa kusaidiwa, na lilikuwa fupi kiasi kwamba alimaliza kabla padre hajafika. Walikuwa wamempa jina la Mumo.

Tulipokuwa tunapanda kurudi, Ndinda alisimama, akavua aproni ambayo alikuwa ameisahau chini ya sweta, akaikunja, akanipa.

"Mpe Mutuku. Sitarudi."

"Umekasirika?"

"Hapana," alisema. "Mimi niliingia hapo nikikimbia, na hakuna mtu aliniambia ningoje. Siwezi kupika nikiangalia hiyo geti."

Alikwenda Tala kwa Mbula. Simlaumu. Muthokoi sasa inapikwa na kijana aliyesomea upishi, anaiwekea majani ya dania juu, na wageni hawajui tofauti.

Mutuku nilimkuta juu ya ngazi, yeye na fundi wanapima mahali pa kutundika ubao. Sikutafuta namna ya kulainisha.

"Yule mtoto amekufa. Tulimzika juzi."

"Mtoto gani?"

"Wa Kanini."

Alishuka ngazi polepole, akishika kila kipandio. "Lakini alilia," alisema. "Mimi nilisikia akilia."

"Alilia. Halafu akafa."

"Na mbona hakuna mtu ameniambia?"

"Wewe uliuliza nani?"

Fundi akauliza kama aendelee. Mutuku akamwambia aweke ubao kando. Akatoka akaingia kwenye gari lake, akafunga mlango, akakaa humo bila kuliwasha, na wahudumu wakawa wanapita mbali naye kama watu wanaopita kwenye msiba.

Asubuhi iliyofuata alikuja kwangu amevaa koti alilovaa siku tuliyokuzika. Aliniomba tuende bondeni pamoja. Mama Kyalo alitupokea vizuri, na mimi ningependelea angetufukuza. Alitutolea viti nje, na Kanini akatuletea chai. Maziwa yalikuwa yamelowesha blauzi yake kifuani. Alipoona nimeona, akajitanda leso.

Mutuku alishika kikombe bila kunywa. "Mama, nimekuja kuomba msamaha," alisema. "Sikujua mko kwa geti."

"Najua hukujua," mama Kyalo alimjibu. "Huyo kijana alikupigia simu. Nilimwona akipiga."

"Ningejua, ningefungua."

"Najua."

Kuku walipita katikati yetu. Mama Kyalo aliwafukuza kwa mkono, kisha akasema, "Kyalo mwenyewe nilimzalia kwenu. Mvua ilikuwa kama hiyo tu. Mama yenu hakuniuliza jina mpaka asubuhi, tukikunywa uji. Ndio maana Kanini akilia njiani nilikuwa namwambia, vumilia, tukifika pale juu tumefika."

Hakuyasema kwa hasira. Aliyasema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mutuku aliweka kikombe chini, akafunika uso kwa mikono miwili, na nikaona mabega yake yakitikisika, mwanao huyo mwenye mvi, mbele ya mwanamke ambaye hakuwa amemlaumu. Kanini aliinuka akaingia ndani ya nyumba. Hatukumwona tena siku hiyo.

Nikuambie alichofanya baadaye, kwa sababu najua utataka kujua. Ubao hakuutundika. Stoo aliitoa soda zote, akatoboa tena dirisha pale lilipokuwa, akaweka vitanda, mablanketi, na jiko la makaa. Alimwambia Musembi nikisikia, "Mtu yeyote akija, kwanza fungua, ndio unipigie simu." Alikwenda mpaka Tala kumbembeleza Ndinda. Ndinda alimpikia chakula cha mchana, akamuuliza kuhusu presha yake, akakataa.

Bado anataka historia. Anasema safari hii niandike ukweli, hata na mtoto. Nimemwambia achukue barua hii ilivyo, na kama haitoshi nyuma ya menyu, basi aache. Hajanijibu. Kaka yangu anajaribu, Mama, na kuna siku kujaribu kwake kunaniuma kuliko kiburi alichokuwa nacho. Mkahawa ukifungwa, vijana wanarudi barabarani. Ukiendelea, watu wanaendelea kuja kwa sababu ya ile video. Wanaketi pale dirishani, wanauliza, "Na yule mtoto siku hizi yuko wapi? Ameanza kutambaa?" Wahudumu hutazama chini. Mimi huwaambia. Wengine huacha chakula mezani wakatoka nje kupunga hewa. Wengine husema pole, halafu wanauliza kama kuna pilipili.

Kinachoninyima raha zaidi ni vile vitanda. Hakuna aliyevilalia. Mvua zimenyesha, ukungu umeshuka ukakaa, watu wa bondeni wamepita wakienda na wakirudi, na hakuna hata mmoja aliyekuja. Mwanzoni nilidhani hawajasikia. Nilimtuma Musembi akatangaze kanisani, na wakamshukuru kwa kutangaza.

Juzi alasiri ukungu ulishuka pamoja na mvua nyembamba. Nilichungulia kwa kioo nikaona watu ng'ambo ya barabara, chini ya mikaratusi, akina mama na mzee mmoja, wamebanana na mikungu yao ya ndizi. Geti lilikuwa wazi kabisa. Musembi aliniambia amewaita, wamekataa. Nikachukua mwavuli nikavuka.

"Karibuni ndani," niliwaambia. "Kuna chai na kuna moto. Hakuna mtu atawauliza kitu."

"Asante, madam," alinijibu mmoja wao kwa adabu, bila kunitazama usoni. "Tuko tu sawa. Hii mvua itaisha."

Wewe walikuwa wakikuita mama, hata wale waliokuzidi umri. Kurudi ndani sikuweza. Nikafunga mwavuli nikasimama nao pale, matone yakituangukia kutoka kwenye majani. Baada ya kitambo mmoja alisogeza ndizi zake kidogo, nikapata mahali pakavu pa kuweka mguu. Wakaendelea na mazungumzo yao, kuhusu maharagwe yanayooza shambani na goti la yule mzee, na mimi nikawa nasikiliza, na mara moja moja nachangia neno. Wageni walitutazama kupitia vioo.

Ndipo Mutuku akatoka. Alikuwa na birika mkono mmoja na vikombe vimefungwa kwenye kitambaa mkono wa pili, kichwa wazi kwenye mvua. Alivuka barabara, akawamiminia chai pale pale chini ya miti, hakuwaambia waingie, hakusema chochote zaidi ya "chukua, mama" kwa kila mmoja. Walikunywa. Mvua ilipopungua wakajitwika mizigo yao. Yule aliyeniita madam alirudisha kikombe, akaitazama nyumba kwa muda, akasema, "Tutaona siku ingine." Wakashika njia ya bondeni, na ukungu ukawameza kabla hawajafika konani.

Mutuku alibaki amesimama katikati ya lami na birika tupu, akitazama upande walikokwenda, mpaka gari la wageni likampigia honi apishe.

Pumzika, Mama. Mvua imeanza tena, na nakwenda kukaa nje na Musembi.

Ni mimi, kitinda mimba wako,
Mwende